Ngao ya Ukili, Deraya ya Waya: Vidokezo kwa Wanaotaka Kuigiza Vita vya Kale Kwale

Ukitaja mavazi ya vita vya zamani, vijana wengi wa Ukunda na Msambweni humwona mara moja shujaa wa filamu za Kizungu: chuma kuanzia utosini hadi unyayoni, farasi mweupe, theluji. Hayo yana kwao. Pwani yetu ilikuwa na vita vyake na ngao zake, na mikono inayoweza kuzitengeneza bado ipo vijijini. Vidokezo hivi ni kwa mwalimu mwenye kikundi cha drama, kwa vijana wa mtaa wanaotafuta jambo la kufanya pamoja, na kwa yeyote aliyewahi kupita Gazi akaitazama nyumba ya Sheikh Mbaruk akatamani kuwaona watu wa enzi ile.

1. Chagua vita kabla ya kuchagua nguo

Usichanganye karne. Amua mwaka, amua mahali, kisha ndipo uulize nani alivaa nini.

Kama hamu yako ni chuma na deraya, mwaka wako ni 1505. Msafara wa Mreno Francisco de Almeida uliishambulia Kilwa mwezi Julai, na katikati ya Agosti ukaifikia Mombasa, ukaipora na kuichoma. Kati ya miji hiyo miwili hakuna njia ya bahari isiyopita mbele ya Vanga, Wasini, Msambweni na Diani. Merikebu zile zilipita nje ya miamba yetu, na mtoto wa Tiwi anaweza kusimuliwa kisa hicho akiwa ameielekea bahari yenyewe.

Kama hamu yako ni kisa cha Kwale hasa, nenda 1895. Ugomvi ulianzia Takaungu mwanzoni mwa mwaka huo, Waingereza walipomweka Rashid bin Salim madarakani na kumwacha jamaa yake ambaye wengi katika ukoo wa Mazrui walimwona ana haki zaidi. Mbaruk bin Rashid wa Gazi, wa ukoo huohuo, akajitosa dhidi ya Waingereza. Agosti, Admirali Harry Rawson akaongoza jeshi kwenda kuiteka Mwele, ngome ya Mbaruk iliyokuwa bara, iliyozungushiwa boma la magogo na vichaka. Hapo huhitaji dirii wala chapeo. Unahitaji gobori za mbao, mapanga, majambia, mishale, na watu wengi.

Waethiopia wanajua thamani ya kuchagua siku moja na kuing'ang'ania. Kila mwanzo wa Machi huadhimisha ushindi wa Adwa wa 1896, na mitaa ya Addis Ababa hujaa watu waliovaa kama babu zao, na ngao mkononi. Hawaigizi vita vyote vya historia yao. Huichukua siku hiyo moja na kuifanya vizuri.

2. Anza na ngao ya ukili

Hapa ndipo ningependa ukae zaidi, maana hapa ndipo penye hazina.

Mjerumani Hans Mayr alisafiri na msafara wa Almeida, na aliandika silaha alizoziona Kilwa: pinde na mishale mikubwa, mikuki mizuri, panga chache, na ngao imara za majani ya mtende zilizotiwa pamba. Soma tena hapo. Majani na pamba. Ile ngao iliyomkabili Mreno na chuma chake ilitoka kwenye kazi ileile ambayo mama zetu wanaifanya barazani mpaka leo, ya kusuka ukili.

Kwa hiyo usikimbilie kwa mchomeleaji. Nenda kwanza kwa bibi anayesuka mikeka, umwamkue shikamoo, ukae chini. Mwambie unataka makawa mawili makubwa, mapana kama urefu wa mkono wako tangu begani hadi kwenye vidole, moja likae ndani ya jingine. Ukili uwe mpana, wa ukindu mkavu usio na rangi, na uunganishwe kwa mshono wa kubana. Kati ya makawa hayo shindilia pamba au sufi, unene wa vidole vitatu. Kisha pitisha sindano ya gunia kutoka upande mmoja hadi wa pili, duara baada ya duara, mpaka kitu kizima kiwe kigumu na usiweze kukikunja kwa goti.

Umbo la kawa lina faida yake. Pigo likitua juu ya mbinuko huo huteleza kando badala ya kusimama. Ukingo uimarishe kwa ufito mwembamba uliokunjwa ukiwa mbichi, na uuzungushie kamba ya nazi. Ndani funga mishipi miwili ya ngozi, mmoja wa kupitisha mkono na mmoja wa kushika. Ukimaliza, ipige kwa fimbo kwa nguvu zako zote. Utasikia mlio mzito wa chini, na mkono ulioishika hautauma.

Mlipe bibi huyo kama fundi. Na jina lake liwe kwenye karatasi ya maelezo ya onyesho, juu, kabla ya majina ya waigizaji.

3. Ngao ya ngozi kwa watu wa 1895

Askari waliotoka Arabuni walijulikana kwa ngao ndogo za duara, na katika ngoma ya razha ya Oman bado huonekana, upanga mkono mmoja na ngao mkono wa pili. Za zamani nyingine zilikuwa za ngozi ya kifaru au kiboko. Usijaribu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ina adhabu kali, na isingekuwepo bado ingekuwa aibu.

Ngozi mbichi ya ng'ombe inatosha. Inunue kwa mchinjaji, ikwangue nyama na nywele, iloweke usiku mzima, kisha ilaze juu ya karai lililofunikwa na uikaze pembeni kwa kamba. Iache kivulini siku kadhaa. Jua kali litaipasua. Ikikauka itakuwa ngumu kiasi cha kulia ukiigonga. Majirani watalalamikia harufu, basi fanyia kazi hiyo mbali na madirisha yao.

4. Koti la sufi huja kabla ya chuma

Yeyote anayetaka kuvaa chuma avae kwanza nguo nene iliyoshonwa mistari. Chuma huzuia makali, lakini mshindo hupokewa na nguo iliyo chini yake. Mahali pengi deraya ilipovaliwa duniani, koti la aina hii lilikuwepo.

Shona tabaka mbili za kitambaa cha pamba nje na mbili ndani, katikati tia sufi, kisha pitisha mistari ya mshono toka shingoni hadi kwenye mapaja, kila mstari umbali wa vidole vitatu. Kwapa liache wazi. Pamba ni nzito na hushika jasho, ilhali sufi ni nyepesi, na misufi ingalipo vijijini. Ila sufi hushika moto upesi mno. Aliyevaa koti hilo asikaribie mwenge wala jiko, na kama igizo lako lina moto wa kuchoma mji, wenye sufi wakae mbali.

5. Dirii na chapeo: mwambie fundi mambo haya

Mafundi wa jua kali wa Ukunda wanajua chuma vizuri. Wasichojua ni unachotaka, kwa hiyo nenda na mchoro.

Omba bati jeusi, si mabati ya kuezekea. Mabati ya geji 28 au 30 ni membamba, hubonyea kwa kidole, na ukingo wake hukata. Chapeo itake geji 16, yaani kama milimita 1.5 za unene, na dirii ya kifua geji 18. Bati lililopakwa zinki lisichomelewe bila kuondolewa zinki kwanza, kwa sababu moshi wake huleta homa na kifua kubana. Na pipa kuukuu la mafuta lisikatwe kwa grenda kabla ya kuoshwa kabisa na kujazwa maji. Mvuke wa petroli uliobaki ndani hulipuka.

Kuhusu umbo, fundi achonge shimo la duara kwenye kisiki cha mwembe, aweke bati juu yake, alipige kwa nyundo yenye kichwa cha mviringo akianzia pembeni kuelekea katikati, duara kwa duara. Bati litaanza kuwa bakuli. Likikaidi, alipashe moto hadi liwe jekundu, aliache lipoe, aendelee. Nusu mbili zikikaa sawa ziunganishwe kwa ribiti. Mshono wa kuchomelea unaong'aa huonekana kutoka mbali, na huliharibu vazi lote.

Ile chapeo inayopendwa katika picha, yenye ukingo uliochongoka mbele na nyuma, ni ya enzi ya Ngome ya Yesu, ambayo ujenzi wake ulianza 1593. Kwa askari wa 1505 tengeneza chapeo ya duara yenye ukingo mpana wa bapa pande zote. Ni rahisi zaidi, na hutia kivuli usoni.

Kingo zote zikunjwe kwa nje. Pitisha kidole mwenyewe kabla ya kulipa.

6. Deraya ya pete ni kazi ya subira

Nunua waya wa zinki wa geji 16. Uzungushe kwenye chuma laini cha duara cha milimita 8, mzunguko ukigusa mzunguko, mpaka upate mkunjo mrefu. Ukate kwa plaizi kufuata mstari mmoja, na kila mzunguko utakuwa pete. Kisha unganisha: kila pete ipite ndani ya pete nne, mbili juu na mbili chini. Ncha za pete zikutane kabisa. Pete iliyoachama hung'oa nyuzi za koti na kuchana ngozi.

Shati zima linataka pete zaidi ya 15,000 na huweza kupita kilo 10. Mtu mmoja ataichoka. Watu sita wanaokaa jioni pamoja, kila mmoja na kipande chake, wataimaliza, na mazungumzo ya jioni hizo ni sehemu ya faida. Ukikosa muda, tengeneza kola na mikono tu, vishonwe kwenye koti la sufi. Kutoka mbali hakuna atakayegundua.

7. Linda shingo

Almeida yuleyule aliyeichoma Mombasa aliuawa Machi 1510 kwenye ufuo wa kusini mwa Afrika, yeye na makumi ya watu wake, na Wakhoikhoi. Silaha iliyomwua ilimpata kooni. Mwigizaji wako naye, hata kwa fimbo butu, asiingie uwanjani bila kola nene. Wala asiruhusiwe mtu yeyote kuchoma mbele kuelekea usoni, hata kwa mzaha wa mazoezini.

8. Chumvi ya Diani haina huruma

Chuma kikilala usiku mmoja karibu na ufuo, asubuhi kina doa. Kipake nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta kidogo, kihifadhi ndani ya gunia kavu, juu ya ubao. Deraya iliyoshika kutu itie kwenye ndoo pamoja na mchanga na siki kidogo, funga, ibingirishe uani mpaka ing'ae. Ndivyo ilivyosafishwa zamani. Mchanga utoke mtoni, usiwe wa baharini.

9. Silaha ziwe butu, zote

Mipini ya mikuki itoke kwenye mivinje iliyopandwa, ambayo huuzwa kama fito za ujenzi. Mikoko iache, ina kazi yake na ina sheria yake. Waulize watu wa Gazi, ambao tangu 2013 wameilinda kupitia mradi wa Mikoko Pamoja na kupata fedha za maji na shule. Panga zichongwe kwa mti wa mpera, ambao haupasuki ovyo. Ncha za mikuki na mishale zivishwe raba. Ndara kuukuu zinazotupwa na mawimbi ufuoni ni nyingi kuliko utakavyohitaji.

Mishale ya Wadigo na jamaa zao wa Mijikenda ilitiwa sumu, na igizo liseme hivyo kwa maneno. Upinde usivutwe mpaka mwisho mbele ya watu.

10. Nguo zina tarehe

Kanga haikuwepo 1505. Ilianza kuonekana katika nusu ya pili ya karne ya 19, na zile zenye maneno zikaja baadaye zaidi. Marekani nayo ililetwa na merikebu za Wamarekani katika karne hiyohiyo. Kwa 1505 tumia pamba iliyofumwa kwa mkono au inayofanana nayo, nyeupe au ya buluu iliyopauka, imefungwa kiunoni na nyingine begani, na vilemba kwa wakubwa. Kwa 1895 una uhuru zaidi: kanzu, kizibao, kikoi, jambia kiunoni. Saa za mkononi zivuliwe.

11. Mwone OCS, na kaya uiache

Nalisema hili kwa uzito wote. Agosti 1997 vijana waliokula kiapo katika msitu wa Kaya Bombo walivamia kituo cha polisi cha Likoni, na machungu yaliyofuata yalizigusa familia nyingi za Kwale. Tangu hapo, vijana wenye mapanga wakifanya mazoezi vichakani ni jambo ambalo hakuna mkuu wa kituo atakayelipuuza, na hakuna mzazi atakayelala usingizi. Fanyeni mazoezi uwanja wa shule, mchana, milango wazi, watoto wakitazama.

Sheria ya mikutano ya hadhara inataka OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, apewe notisi si chini ya siku 3 wala si zaidi ya siku 14 kabla ya shughuli. Peleka notisi mwenyewe, na upeleke ngao ya ukili pamoja nayo aione. Mwambie chifu, mwambie mzee wa mtaa. Silaha za mbao zisafirishwe zikiwa zimefungwa guniani, hasa gobori za bandia, asionekane mtu amezishika ndani ya matatu.

Usiigize vita ndani ya kaya, misitu yetu mitakatifu. Kaya Kinondo imo katika urithi wa dunia tangu 2008, lakini heshima yake ni ya zamani kuliko UNESCO. Mgeni huingia amejifunga shuka jeusi, na hatoki na hata kijiti. Msikiti wa Kongo pale mto Mwachema unapoingia baharini nao ni nyumba ya ibada mpaka leo. Uonyeshe kwa heshima wakati wa kusimulia, mapigano yafanyike kwingine.

12. Shimoni si uwanja wa michezo

Wako watu watakaokuomba igizo la watumwa katika mapango ya Shimoni, kwa sababu wageni wa hoteli watalipia. Fikiria mara mbili. Kisa hicho kinastahili kusimuliwa, na wenyeji wa Shimoni wanakisimulia vizuri. Kumfunga mtoto minyororo ili apigwe picha ni jambo jingine. Kama wazee wa hapo wenyewe watataka igizo, wao ndio waliongoze, na kamera zingoje nje.

13. Pambano ni ngoma

Wanaojaribu kupigana kweli huumizana, na kinachoonekana ni vurugu. Jifunze kwa majirani. Lamu wana kirumbizi, ambapo fimbo hugongana kwa mdundo. Makunduchi, Unguja, wana Mwaka Kogwa kila Julai, ambapo wanaume hupigana kwa magogo ya migomba, magomvi ya mwaka yakaisha hapo. Kote huko kuna mpangilio ambao kila mtu anaujua.

Wewe una ngoma ya sengenya. Waite wapigaji, wape wakati wa kusikiliza hadithi, kisha waache wapange mdundo wa kila sehemu: mwendo wa kusogea, mwendo wa kugongana, mwendo wa kurudi nyuma. Kila pigo liwe na hesabu yake ndani ya ngoma. Anza mazoezi polepole kabisa, kwa mwendo wa mtu anayetembea ndani ya maji, na usiongeze kasi mpaka kila mmoja aweze kusema pigo lijalo ni la nani. Milio ya bunduki itolewe na debe na ngoma kubwa, fataki ziacheni.

14. Kimbia jua

Igizeni wakati wa kusi, Juni hadi Agosti, ambao kwa bahati ndio msimu wenyewe wa 1505 na wa Mwele. Anzeni saa kumi jioni au mmalize kabla ya saa tatu asubuhi. Mwenye chuma asikae nacho zaidi ya nusu saa bila kukivua na kunywa maji. Awepo mtu ambaye kazi yake ni moja tu, kuwatazama waigizaji nyuso, na akisema fulani atoke, fulani anatoka.

15. Maliza kisa, kisha fungua uwanja

Msiishie kwenye moshi wa Mwele. Mbaruk hakukamatwa pale. Alipigana miezi mingine, na Aprili 1896 alivuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani pamoja na wafuasi wake, akaishi Dar es Salaam hadi kifo chake mwaka 1910. Msimulizi aeleze hayo kwa Kidigo na kwa Kiswahili, na kabla ya onyesho wazee wa Gazi, wakiwemo wa ukoo wenyewe, wawe wameusikiliza mswada na kusahihisha majina.

Baada ya hapo ondoa kamba. Watoto wavae chapeo, wahesabu pete, wabebe mkuki wajue uzito wake. Aliyesuka ngao akae kwenye kiti mbele, na ukili ambao haujaisha mapajani, awaonyeshe namna ya kuanza.